Kuna Kosa, Jaribu Tena

Hapa mtaani tulimwita Msafi, kwa sababu kurasa za mtandao alizotengeneza hazikuwa na doa. Hospitali ilipompa kazi ya fomu ya kuita gari la wagonjwa, aliondoa maelezo yote mekundu ya makosa. Eti yanachafua ukurasa. Ukikosea popote, uliona mstari mmoja wa kijivu: Kuna kosa. Jaribu tena.

Dada wa mapokezi alimfuata.

"Kaka, watu hawajui wamekosea wapi. Ukiacha nafasi kati ya tarakimu za namba ya simu, fomu inakataa na haisemi kwa nini."

"Mtu anashindwa kujaza fomu, halafu ana haraka gani?" Msafi alicheka, akarudi kwenye chai yake.

Wiki hiyo mama mmoja alijaribu asubuhi nzima, mwanawe akiishiwa pumzi mapajani pake. Kila mara aliacha nafasi kwenye namba. Msafi aliyaona majaribio yake yote kwenye mfumo, mpaka yalipokoma. Akayafuta, akaenda kula. Roho mbaya ile, jamani, sijui aliitoa wapi.

Jumamosi mchana, binti yake Msafi alibanwa na pumu. Mkewe alikuwa sokoni, gari lilikuwa gereji, na hospitali ilishafunga simu zake tangu fomu ianze kazi. Akafungua ukurasa wake mwenyewe. Alijaza bila kukosea hata herufi, akabonyeza.

Kuna kosa. Jaribu tena.

Alijaza upya. Safari hii maandishi mekundu yalitokea chini ya visanduku. Hakuwa ameyaandika yeye.

Chini ya umri: Wangu hakufika huu.

Chini ya simu: Mimi niliacha nafasi. Wewe umekosea wapi?

Akabonyeza tena. Na tena.

"Baba," binti alinong'ona, midomo imeshakuwa ya bluu. "Huyo mama nyuma yako anauliza, una haraka gani?"

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Alipomrudia mwanawe, kifua kilikuwa kimetulia.

Hapo ndipo fomu ilipokubali. Asante, ombi lako limepokelewa.

Tulimzika binti kesho yake. Kibao cha kaburi kilipakwa rangi nyeupe, kikaandikwa jina tu. Asubuhi iliyofuata, jina lilikuwa limezungushiwa mstari mwekundu. Msafi huupaka rangi nyeupe kila siku, na kila asubuhi anaukuta.