Mwizi wa Pete Kuukuu

Saa tano kasoro dakika kumi, Jumatano, muuguzi Immaculée aliinama chini ya meza ya chumba cha mazungumzo, katika kliniki ndogo ya Nyakasanza, akakuta boksi halipo. Ndani yake kulikuwa na bahasha ishirini na mbili, na katika kila bahasha pete laini ambayo mwanamke huivaa ukeni mwezi mzima, ili dawa iliyomo imkinge na virusi vya UKIMWI. Zote zilikuwa zimekwisha kuvaliwa. Pete mpya zilikuwa kabatini, wala hazikuguswa. Sasa jamani, mwizi gani huyo anayeacha nyama akaiba mifupa?

Asubuhi ileile Daktari Baudouin, mkuu wa utafiti, alikuwa amewaambia akina mama kwamba pete kuukuu zingepelekwa kupimwa Kinshasa.

"Pete haidanganye," alisema. "Itatuambia namna kila mutu aliivaa."

Mama mmoja wa nyuma aliuliza kama maji ya moto yanaharibu dawa. Wenzake wakacheka, mazungumzo yakaisha saa nne.

"Hii ni kazi ya polisi," alisema daktari sasa, simu mkononi.

"Docteur, polisi watataka registre ya majina. Bamama wengi hawajaambia mabwana zao kama wanavaa pete."

"Basi unitafutie mwizi mbele ya saa kumi."

Immaculée aliingiwa na hofu hasa. Wanawake wale aliwaandikisha yeye, mmoja mmoja, akawaahidi kwamba majina yao hayatatoka nje. Jina moja likimfikia mume mkali, ndoa imekwisha.

Kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo alianza na Hubert, mlinzi, mwenye funguo zote.

"Papa Hubert, ulifungua kile chumba?"

"Mama, tangu saa moja sijatoka ku geti. Uliza Serge."

Serge! Mume aliyekuja jana kupiga kelele kwamba wanamwekea mkewe uchawi.

"Serge iko hapa?"

"Tangu saa tatu ameikaa ku banc, pale mbele yangu. Hajasimama hata. Anakungojea akuombe pardon."

Mshukiwa huyo naye akatoka kwenye orodha. Immaculée akavuta pumzi.

"Nani alitoka kisha mazungumzo?"

"Bamama bote, saa ine na robo. Nilitazama mifuko yote. Mama Clarisse alibakia nyuma kidogo, akatoka na mutoto ku mugongo. Nilimusalimia ule mutoto, lakini alikuwa amelala fofofo."

"Mutoto gani?"

"Ah, mama. Miye nachunga geti, sichunge batoto."

Immaculée alifungua faili la Clarisse. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtoto wa umri huo habebwi mgongoni. Tena sauti iliyouliza habari za maji ya moto ilikuwa ya Clarisse.

Saa tisa alimkuta nyumbani kwake akimenya mihogo pamoja na Nadège, mkimbizi kutoka Djugu aliyepokewa hapo miaka miwili iliyopita. Nadège alikuwa akinyonyesha.

"Mama Clarisse, ule mutoto ulibeba asubuhi iko wapi?"

Kisu kikasimama.

"Pete unaivaa mwezi muzima bila kuitoa," Immaculée aliendelea, kwa upole. "Maji ya moto ni ya kufanya nini?"

Clarisse aliingia chumbani, akarudi na boksi limefungwa ndani ya kitenge.

"Nadège mulimukatalia pete juu ya kunyonyesha," alisema. "Bwana yake iko Bambu, anachimba zahabu, na wangu vilevile. Wangu akifika, naivaa miye. Wake akifika, tunaichemsha, anaivaa yeye. Tunagawana sufuria, tunagawana chumvi. Ningemunyima hii namna gani? Halafu Docteur akasema pete itaongea. Kama ningetwaa yangu peke, mungenijua. Nikabeba zote."

Immaculée alikasirika, akawaonea huruma, vyote kwa pamoja.

"Dada zangu, ile dawa inatoka polepole. Ukiitoa pete, kinga inashuka. Ukiivaa ile siku bwana anafika, dawa haijaingia bado mu mwili. Na kuvaliana pete moja inaweza kuleta ugonjwa mwingine. Mulizania munalindwa babili, kumbe hakuna mwenye alilindwa."

Nadège alimkumbatia mtoto wake.

"Basi mabwana walifika mara ngapi," alinong'ona, "na siye tuko wazi hivi?"

Saa kumi kasoro dakika tano boksi lilikuwa mezani kwa daktari, bahasha zote ishirini na mbili. Immaculée alimweleza yote, bila kuficha. Baudouin akaiweka simu mfukoni, akaenda mwenyewe kuleta vipimo.

Clarisse na Nadège, waliokuja pamoja na boksi, wakachomwa vidole. Kwa dakika kumi na tano mikono yao ilishikana juu ya meza. Kisha Immaculée akasoma: mstari mmoja kwa Clarisse, mstari mmoja kwa Nadège. Hawakuwa na virusi.

"Mutarudia kupimwa kisha mwezi moja," alisema. "Na kuna vidonge vya kinga, vya kila siku. Hata mwenye kunyonyesha anakunywa."

Clarisse hakuinua uso.

"Na miye munanifukuza."

"Étude ya pete, ule utafiti, inakutoa, ndiyo. Docteur ataandika ile leo. Lakini miye siwezi kukutoa. Kesho saa mbili nawangoja bote babili."

Hapo ndipo Clarisse alipolia.