Shingo ya Nani?

Cherehani mbili zilikaa sebuleni, uso kwa uso. Ya Fundi ilishona suruali. Ya mkewe ilishona magauni. Wateja walimwita mkewe Mama Shingo, maana hakuna aliyekata shingo ya gauni ikakaa vizuri kama yeye.

Alipojifungua, usingizi ulimkimbia. Mtoto analala, yeye amekodoa macho. Fundi alidhani ni uchovu tu. Kisha mkewe akaanza kuzungumza na cherehani. Anauliza, ananyamaza, anatikisa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

Asubuhi moja alisema, "Nimeambiwa nikate shingo."

"Basi kata, mke wangu," Fundi alijibu, uzi mdomoni. "Wateja wanasubiri."

Mkewe alimtazama sana. Hakukata.

Mchana akaja jirani yao, Dada Muuguzi, kuchukua sare yake ya kazi. Akaijaribu juu ya nguo alizovaa. Mikono ikatoka. Kichwa kikagoma.

"Shemeji! Mmenishonea gunia?" aliuliza kutoka ndani ya kitambaa.

Fundi alicheka hadi akashika mbavu. Mkewe hakucheka.

Muuguzi alipojinasua, alitazama ukutani. Magauni yote yalikuwa yameshonwa bega hadi bega, yakafungwa kabisa. Hata vishati vya mtoto. Yalining'inia kama watu wasio na vichwa.

Akaketi karibu na Mama Shingo. "Mdogo wangu, mbona hukukata shingo?"

"Sauti inanilazimisha nikate," alinong'ona. "Nimekataa. Nikianza na nguo, mkono utazoea."

"Shingo ya nani?"

Mama Shingo aligeuza macho polepole. Akamtazama mtoto wake.

Fundi akaacha kucheka, akasimama.

Muuguzi akambeba mtoto. Mkasi akautia mkobani.

"Huyo ana shetani!" mama yake Fundi alisema mlangoni. "Mfungieni chumbani, majirani wasisikie."

"Mama," Muuguzi alijibu, "ukimfungia, umemfungia na ugonjwa wake. Huu ni ugonjwa wa akili. Huwapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, na unatibika. Hakulogwa, wala si mama mbaya. Mzazi hapati usingizi, anasikia sauti, anaambiwa adhuru? Usingoje kesho. Mpeleke hospitali sasa hivi. Asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto."

"Watu watasema nini?"

"Watasema mjukuu wako yu hai."

Mama mkwe akageuka. Akaenda kutafuta kanga ya kumfunika mkwewe.

Hospitali walimlaza. Dawa zikamrudishia usingizi. Sauti haikuondoka mara moja. Ilififia, ikawa mnong'ono, ikanyamaza. Mtoto aliletwa amwone mama yake, mtu mwingine akiwapo. Mama Shingo aliporuhusiwa kurudi nyumbani, aliendelea na dawa kama daktari alivyoagiza, hata alipojiona amepona.

Daktari aliposema sasa anaweza kushona, Mama Shingo alikaa mezani akanyoosha mkono. Mkasi aliorudisha Muuguzi ukang'aa.

"Nikate shingo?" aliuliza.

Cherehani ya Fundi ikasimama. Bibi akamkumbatia mtoto. Nyumba nzima ilisikiliza.

"Shingo ya nani?" Fundi aliuliza taratibu.

"Ya sare ya Dada Muuguzi. Au mnataka aende kazini na gunia?"

Wakacheka, bibi akicheka huku analia. Mkasi ukala kitambaa, na shingo ikakaa vizuri kama zamani.

Tangu siku hiyo, mkewe akisema neno, Fundi huutoa uzi mdomoni kwanza. Kisha huuliza.