Pumzi Tatu za Igoki

Kwa jina la Mungu aliyempulizia Adamu pumzi ya uhai, wala hakumpa mwingine haki ya kuitwaa. Kisa hiki asili yake ni Kanja, kule Embu, na aliyekishuhudia ni Virginia binti Igoki, mkulima wa kahawa.

Jua likizama, alipeleka chupa ya chai kwenye ukumbi wa kanisa. Humo Njagi, mwana wa marehemu kaka yake, alikuwa akiandaa filamu ya kutisha itakayoonyeshwa kesho yake. Alipofika mlangoni akasikia...

Pumzi. Mbili fupi. Ya tatu ndefu, yenye mluzi.

Chupa ilimponyoka. Ilikuwa pumzi ya mama yake, Igoki, waliyemzika Aprili.

Njagi hakukana. Alieleza kwa majivuno kwamba watazamaji huona kwa masikio: kwenye picha mna mlango mtupu, lakini pumzi ikisikika, kila mtu hujua nyuma yake pana kitu. Siku nyanya yake alipokata roho, Njagi alisimama nje ya dirisha na kinasa sauti, Virginia akiwa ndani peke yake akipokea neno la mwisho.

"Na baraka aliyoitamka iko wapi?" Virginia aliuliza.

"Niliikata, shangazi. Maneno hayatishi."

Virginia alighadhibika. Neno la mzazi anayekufa lina pande mbili: baraka, na kirumi, ile laana isiyotanguka mwenyewe akishazikwa.

"Umekata baraka, mjinga wewe. Unadhani umebakiza nini?"

Akamwamuru aifute pumzi ile. Aliifuta. Picha ikarudi bila sauti, na mlango ukawa mlango tu.

Kisha...

Mbili fupi. Ya tatu ndefu.

Njagi alichomoa nyaya za spika. Harufu ya ugoro wa Igoki ikatanda ukumbini. Pumzi ikaja tena, safari hii kisogoni mwake.

"Mama," Virginia alinong'ona kwa ukali, "mwache. Nitamwadhibu mimi."

Pumzi zikakoma.

Filamu haikuonyeshwa. Wapo wasemao spika zilikuwa na hitilafu. Lakini hadi leo Njagi akinasa chochote, hata mvua, huzikuta humo pumzi tatu, kila mara karibu zaidi. Humwendea shangazi yake kumsihi amtamkie baraka aliyoikata.

Virginia humpa chai. Baraka hamtamkii.

Nanyi mliosikiliza, Mungu awajalie mtu wa kulipokea neno lenu la mwisho, na alitunze likiwa zima.