Moshi wa Mwezi wa Tano

Haya yalimpata rafiki yangu Zakari, mlinzi wa hifadhi ya wanyama nje ya Lubumbashi, na mpaka leo hapendi kuyasimulia. Ilikuwa mchana. Yeye na mwenzake Mujinga walikuwa wanachoma nyasi mapema, kusudi moto wa kiangazi usije ukala pori lote. Zakari alikuwa amesimama kwenye sehemu iliyokwisha kuungua pale upepo ulipogeuka na moshi ukamfunika, asiuone hata mkono wake.

Akasikia kwato. Kundi zima lilikuwa linamzunguka polepole, karibu sana, likihema.

"Mujinga," aliita, "banyama banatoka wapi?"

"Banyama gani?" Mujinga alijibu kutoka barabarani. "Huku hakuna kitu. Toka mu moshi."

Zakari alijaribu kupiga hatua, lakini kila upande kulikuwa na kwato. Kwato zikanyamaza zote kwa pamoja, na pumzi ya moto ikampiga shingoni.

Moshi ulipopungua, Mujinga alimkuta palepale. Hakukuwa na mnyama hata mmoja. Kwenye majivu yaliyokuwa bado yanafuka kulikuwa na nyayo za watu, za miguu mitupu, zimemzunguka pande zote, na vidole vyote vimemwelekea yeye.