Majina Katika Mtaa Uliozama

Kila Jumamosi, Sabrina akimaliza kuosha vyombo, hukimbilia kibanda cha video cha Steve, huko mlimani walikohamia ziwa lilipofurika. Filamu aliyoipenda ilihusu dunia iliyokwisha: miji mitupu, na watu wachache wakijichukulia chochote walichokikuta. Mwishoni walijenga kijiji kipya. Wimbo mmoja tu ukipigwa, nyumba zote zimeshasimama!

Jumamosi moja, asubuhi yenye ukungu, aliteremka peke yake hadi mtaa wao wa zamani. Maji yalikuwa yamerudi ziwani, lakini alama yake ilibaki ukutani, juu ya kichwa chake. Hapakuwa na kuku wala mbwa. "Kule kumekufa," baba yake, Husseini, alizoea kusema.

Kwenye dirisha la nyumba isiyo na paa aliona mwiko wa mwashi uking'aa. Mwenye busara angejiuliza nani anaung'arisha. Sabrina wetu hakujiuliza. Aliuficha ndani ya kitenge chake, kama wale wa kwenye filamu.

Ndipo akasikia: tok, tok, tok. Kisha sauti ya mwanamke, taratibu.

"Swedi... Francine... Papa Michée..."

Hakuna aliyeitika. Wote walikuwa majirani zao, na wote walikwisha kuhama. Nywele zilimsimama.

"Papa Husseini..."

Jina la baba yake! Akageuka akimbie, mwiko ukamponyoka na kulia sakafuni.

"Njo nani iko pale?"

Nyuma ya ukuta alisimama Mama Pélagie, muuza mikate wa mtaa, nyundo mkononi, amejaa vumbi jekundu. Akautazama mwiko.

"Mutoto wa Husseini! Njo weye unabeba mwiko yangu?"

"Nilizani haina mwenyewe, Mama. Nilizani watu wote waliisha. Unisamehe." Machozi yalimtoka. "Lakini unaita nani?"

Mama Pélagie alimwonyesha marundo ya matofali aliyoyaokoa kwenye nyumba zilizoanguka. Alikuwa akigonga saruji ya zamani na kuikwangua kwa mwiko, na kila tofali alilitajia jina la mwenye nyumba.

"Nikinyamaza nitachanganya. Kila muntu akija, atakuta yake, ajenge kule juu. Ile njo ya kwenu."

Rundo lilimfika Sabrina kiunoni. Aliligusa, na aibu ikamshika kuliko hofu. Siku hiyo hakwenda kwenye video. Aligonga matofali mpaka viganja vikavimba, kisha akamweleza baba yake yote, hata habari ya mwiko.

Husseini akaenda kuwaambia majirani. Jumamosi iliyofuata, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, aliteremka na mkokoteni, majirani wakimfuata.

"Sikia, Sabrina," Mama Pélagie akasema. "Kitu ukikikuta peke yake, usiseme hakina mwenyewe. Na mahali ukipakuta patupu, usiseme watu waliisha. Anza kazi, ukuwe mwaminifu. Watakuja."

Akainua tofali. "Papa Husseini!"

"Niko!"