Vikombe vya Dirishani kwa Babu

Kila Jumatano kipindi cha sanaa na ubunifu kilianza kwa ufagio. Mwalimu Gundi hakuruhusu mtu kugusa penseli kabla sakafu haijafagiwa, makopo ya maji hayajajazwa na udongo wa mfinyanzi haujafunikwa kwa kitambaa kibichi. "Mchoraji mchafu nitamvumilia," alikuwa akisema, "lakini chumba kichafu, hapana!" Sisi tulicheka chinichini, maana vidole vyake mwenyewe vilikuwa na gundi iliyokauka kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ndiyo maana tukamwita jina hilo. Alilijua, na nadhani alilipenda.

Nawaambieni, sijaona mwalimu kama mama yule. Angechukua boksi la viatu, mkasi na uzi, akakutengenezea kifuniko cha taa huku wewe bado unatafuta kalamu yako. Lakini kilichomtofautisha na walimu wengine ni ukuta wa nyuma ya darasa. Kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake pale. Kabla ya siku ya kusahihisha, ulibandika kila mchoro uliochora kwa ajili ya kazi yako, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, hata ule unaoonekana kana kwamba kuku amekanyaga karatasi. Nusu ya alama zilitoka ukutani. Nusu nyingine zilitoka kwenye kitu ulichotengeneza.

Muhula ule tulipewa kazi moja: tengeneza kitu cha kumsaidia mtu unayemjua. Watakaofaulu wangeendelea na sanaa kidato cha tatu. Watakaoshindwa wangehamishiwa somo jingine, na huo ndio ungekuwa mwisho wao na udongo.

Mwenzangu wa dawati tulimwita Bi Safi. Daftari zake hazikuwa na doa, soksi zake zilikuwa nyeupe hata msimu wa matope. Alipenda sanaa kufa. Aliamua kumtengenezea babu yake kikombe, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka na kila asubuhi chai ilimwagikia kifuani hadi magotini.

"Babu halalamiki," aliniambia. "Anajifuta tu na kusema shati lilikuwa linataka kufuliwa. Naumia, jamani."

Kikombe alichokileta mwishoni kilituinua darasa zima tukakizunguka. Kilikuwa kifupi, chenye kitako kipana na vishikio viwili. Cha kushoto kilikuwa kikubwa, vidole vinne vinaingia. Cha kulia kilikuwa kidogo. Kilikuwa kimechomwa vizuri kwenye tanuri la shule na kupakwa rangi ya buluu inayong'aa. Hata kijana wa dawati la nyuma, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka kazi za wenzake, alikigeuza mara mbili na kukirudisha polepole.

Tatizo lilikuwa ukutani. Sehemu ya Bi Safi ilikuwa tupu kama kiganja.

"Michoro yako iko wapi?" nilimuuliza wakati wa mapumziko. Tulibaki wawili tu darasani.

"Niliichana. Nikaitupa shimo la takataka."

"Yote?"

"Ilikuwa mibaya, wewe! Kikombe cha kwanza kilionekana kama ndoo. Nani atake kuona ndoo?" Kisha akavuta karatasi, akainama. "Usijali. Naichora upya sasa hivi."

Akachora mitano mfululizo. Wa kwanza aliuchora kwa mistari ya ovyoovyo, wa pili akaukunja na kuukunjua, wa tatu akaupaka vumbi la dirishani ili uonekane wa zamani. Nilimwambia aache, amweleze Mwalimu ukweli. Akanijibu kwamba kikombe ni chake, mikono iliyofinyanga ni yake, sasa uongo uko wapi?

Mchana Mwalimu Gundi akaanza kuzunguka ukutani, mikono nyuma. Alikuwa na kawaida ya kuzungumza na michoro. "Hapa ulikasirika," angesema. Au, "Aa, hapa usingizi ulikubeba." Mwenye mchoro alishangaa amejuaje. Alipofika kwa Bi Safi aliinamia mchoro wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa tano. Alisimama pale hadi mwenzangu akaanza kutokwa na kijasho chembamba.

"Mchoro huu wa kwanza," alisema kwa sauti ya chini, "uliuchora kabla Babu hajajaribu kikombe chako chochote?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wiki ya kwanza."

"Na ulijuaje kwamba mkono wake wa kushoto ndio dhaifu zaidi?"

Bi Safi akatazama. Kwenye mchoro wa kwanza kabisa, chini ya mikunjo na vumbi, kishikio cha kushoto kilikuwa kikubwa na cha kulia kidogo. Michoro yote mitano ilikuwa hivyo. Penseli yake ilikwishajua jibu, na haikuweza kujifanya haijui.

Uso ulimshuka. Lakini Mwalimu hakupaza sauti wala hakutuita tukaangalie. Alimwashiria wakaenda kwenye sinki la kuoshea brashi, karibu na dawati letu, nikasikia kila neno.

"Kikombe si chako?"

"Ni changu, Mwalimu! Naapa ni changu. Michoro ya kweli niliitupa, ilinitia aibu." Machozi yakamtoka. "Nitahamishwa?"

Mwalimu Gundi akaburuta kigoda chake, kile alichokalia kila siku. "Unakiona hiki? Cha kwanza nilichotengeneza kilivunjika, na aliyekuwa amekikalia ni mkuu wa shule. Mbele ya wazazi." Bi Safi akacheka bila kutaka, huku bado analia. "Mguu uliovunjika ninao hadi leo kabatini. Bila mguu ule nisingejua pa kuongeza ubao. Sasa niambie, ulijuaje habari ya mkono wa kushoto?"

"Nilimpa Babu vikombe vya majaribio, nikavijaza mchanga badala ya chai. Cha kwanza kilikuwa na kishikio kimoja, kikapinduka. Cha pili kilikuwa na viwili sawasawa, ila mchanga ulimwagika kushoto tu."

"Viko wapi?"

"Nilitaka kuvivunja, Babu akakataa. Ameviweka dirishani. Kimoja anatia miwani, kingine misumari."

Mwalimu akafumba macho kama mtu aliyeonja kitu kitamu. "Mtoto wee! Jumatano ijayo uje navyo. Na ile michoro mitano uitoe ukutani wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Akaitoa, sisi sote tukitazama. Hilo peke yake lilihitaji kupiga moyo konde.

Jumatano iliyofuata hakuja peke yake. Babu mtu aliingia nyuma yake amevaa shati lililopigwa pasi, amekumbatia vikombe viwili vya udongo mkavu kifuani. Tukasimama wote. "Shikamoo, Babu!"

"Marahaba, wanangu. Nimeambiwa vikombe vyangu vinatakiwa shuleni. Nikasema sivitoi mpaka nivisindikize, maana miwani yangu italala wapi?"

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akavipanga vikombe mezani: kile kama ndoo, kile cha vishikio sawasawa, na mwisho kile cha buluu. Kisha akamimina chai katika cha buluu, akamkabidhi mzee.

Mikono ya Babu ilitetemeka kama kawaida. Vidole vinne vya kushoto vikaingia kwenye kishikio kikubwa, vya kulia vikashika kile kidogo, na kikombe kikapanda taratibu hadi mdomoni. Akanywa. Akakiweka chini, akatazama magoti yake. Shati na suruali vilikuwa vikavu.

"Leo shati halitafuliwa," alisema, akasukuma kikombe mbele aongezewe chai.

Bi Safi alikosa alama zote za michoro. Vikombe viwili vya dirishani vilimpa chache za ukutani, na zile za kikombe cha buluu zikamvusha kwa shida. Mwalimu Gundi alitusomea alama, kisha akaketi kwenye kigoda chake akatutazama mmoja mmoja.

"Kutengeneza kitu kibaya hakumwondoi mtu katika darasa langu," alisema. "Kunidanganya kunaweza kumwondoa. Mkinificha makosa yenu nitawafundisha nini? Mwenzenu alikuwa na kazi ya kweli nyumbani, nzuri kuliko uongo wote aliouchora hapa, naye akaionea aibu. Mleteni Mwalimu wenu kazi iliyo ya kweli, hata ikiwa ni ndoo."

Tulipofungua kidato cha tatu, Bi Safi ndiye aliyekuwa wa kwanza kubandika mchoro ukutani. Ulikuwa mbaya ajabu. Aliubandika katikati kabisa, akaukaza kwa gundi pembe zote nne.