Basi Lililofika Shinyanga Adhuhuri

Mtaa mzima wa Nyakato, hapa Mwanza, hakuna anayeijua barabara ya Mwanza hadi Dar es Salaam kama mimi. Kweli, mwenyewe sijawahi kuvuka Misungwi. Lakini mume wangu Jumbe aliendesha mabasi njia hiyo mpaka akaota mvi, na kila aliporudi alinisimulia kona zote, nitake nisitake. Akifika Misungwi, karibu na nyumbani, alinipigia simu, nami nikambandikia maji ya kuoga.

Mwaka huu Jumbe aliugua, akawa mtu wa kitandani. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mjukuu wetu Shamsia, wa darasa la sita, ndiye aliyemnywesha uji kila asubuhi. Mzee alikuwa na haja moja tu: kuagana na mwanawe Lukman, anayefanya kazi Dar. Lukman aliahidi kupanda basi Alhamisi alfajiri.

Jumatano jioni Lukman alipiga simu, akapokea Shamsia. Ruhusa ya kazini ilikuwa haijatoka. Angekuja Jumamosi kwa ndege. Shamsia alimhurumia babu yake, akaimeza habari hiyo. Hata mimi hakuniambia.

Alhamisi, jua lilipopanda, mzee akauliza mwanawe amefika wapi. Shamsia akajibu Morogoro. Baadaye, Dodoma. Mimi nikijaribu kumsemesha, Jumbe alinyanyua mkono kunizuia. Alikuwa anatunza pumzi zake kwa ajili ya Lukman.

Adhana ya adhuhuri ilipokwisha, Shamsia akaingia tena.

"Mjomba yuko Shinyanga, Babu."

Jumbe akafumbua jicho moja. "Katoka Dar alfajiri, adhuhuri yuko Shinyanga? Hilo basi lina mabawa, mjukuu wangu. Mimi saa hizi nilikuwa bado natafuta chakula Dodoma."

Shamsia akatazama miguu yake.

"Niambie kweli. Yuko wapi?"

"Yuko Dar, Babu. Hajatoka."

Akaangua kilio, akaeleza yote. Jumbe hakumgombeza. Akaomba simu. Alizungumza na Lukman mpaka sauti ikamkauka. Alimwombea dua, akamkabidhi dada zake, akamtania kwamba ndege ni usafiri wa wavivu.

Ijumaa alfajiri akafariki. Tukamzika baada ya sala ya Ijumaa.

Lukman hakupata kiti kwenye ndege mpaka Jumamosi. Alikaa kizingitini bado ameshika begi, akirudia kwamba ni saa moja na nusu tu angani, saa moja na nusu tu.

Siku ya tatu, wageni walipopungua, nikamkuta Shamsia nyuma ya nyumba. Alidhani ukweli ndio uliomuua babu yake. Nikamkalisha karibu yangu.

"Babu yako aliuawa na ugonjwa," nikamwambia. "Uongo wako ulikuwa unamfanya ayaweke maneno yake kwa ajili ya mtu ambaye haji. Ukweli ulimuuma, lakini ndio uliompa nafasi ya kuyasema. Mtu anayesubiri, mwambie safari iliyobaki ni ndefu kiasi gani. Usimpunguzie njia."

Akafuta machozi kwa kanga yangu, akaniuliza mimi mwenyewe naendeleaje. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu mzima, nimeshakubali, wala simsubiri mtu tena.

Shamsia akageuka, akatazama sufuria iliyokuwa inatoa mvuke jikoni.

"Bibi," akasema polepole, "hayo maji ya kuoga umembandikia nani?"